Siku ya Tatu Bila Sigara

Mutsamudu, 12 Februari 1985

Mwanangu Houssen,

Assalamu alaykum. Huku sote wazima, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo siku hizi linaijua mvua kabla ya mawingu. Paa la jikoni limeshazibwa. Jirani yetu Zoubeida anakusalimu, na anauliza kama mwanawe Ridjali anakula, maana barua zake zote ni habari za mitihani. Wewe ndiye unayelala naye chumba kimoja, basi mwambie mama hashibi mitihani.

Nakuandikia Kiswahili chetu cha Unguja kama kawaida. Ndicho nilichofundishwa kuandika kabla hatujarudi huku kwetu visiwani, wewe ukiwa mgongoni mwangu, na mama yako, dada yangu, tukiwa tumemwacha kaburini kule. Isitoshe Zoubeida hakisomi, na leo sitaki asome.

Djoumoi seremala amerudi kutoka Moroni. Anasema alikuona nje ya hospitali, koti jeupe mwilini na sigara mdomoni. Nikamwambia umemfananisha. Akanijibu, "Bi Moinaecha, kitanda cha mtoto yule nilikitengeneza mimi. Nitamfananisha na nani?"

Houssen, baba yako mdogo, mume wangu, alivuta miaka ishirini. Mwisho wake unaukumbuka, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa ukimshikia beseni. Ulikuwa na miaka kumi. Usiku ule wa matanga uliniambia utasomea udaktari, nami nikapinda kwa sindano shiromani za wenzangu, nguo zao za kujitanda, mpaka macho yakaingia ukungu. Sasa asubuhi unasoma habari za mapafu, jioni unayachoma?

Nimempa Djoumoi kifuko cha karafuu akuletee. Kila ukitamani, tia moja mdomoni.

Mama yako mdogo,
Moinaecha


Moroni, 3 Machi 1985

Mama mdogo, shikamoo.

Salamu zako zimefika na karafuu zimefika. Goti lipake mafuta ya nazi yenye moto, ulifunge kitambaa. Hilo nakuambia kwa elimu niliyonayo mpaka sasa, na bei yake ni maombi yako. Ridjali anakula. Jana alikula chake na changu.

Djoumoi ana macho ya seremala, huona kila kilichopinda. Sitakudanganya, navuta. Lakini Mama, njoo ukae shuleni kwetu siku moja. Sote tunavuta. Mwaka wa kwanza tulikuwa wavutaji watatu, leo wasiovuta ndio watatu. Inaanzia chumba cha vidonda. Ukifungua bandeji ya wiki mbili, harufu inakupanda kichwani na haishuki mpaka upate moshi. Mwalimu wetu wa magonjwa ya kifua anatuonyesha picha ya pafu jeusi kama mkaa, na kijiti anachoashiria nacho ni sigara yake mwenyewe, imewaka. Tunacheka. Kengele ikilia tunakimbilia nyuma ya jengo la kufulia, yeye wa mbele.

Nimejaribu kuacha mara mbili. Mara ya kwanza nilishinda siku moja, ya pili mbili. Siku ya tatu sijawahi kuiona. Mikono hutetemeka na maneno hunitoka hovyo, nikiulizwa hili najibu na lile.

Dukani zimeadimika, meli imechelewa. Ninazopata zinatoka kwa mgonjwa mmoja, Saindou, ana donda la mguu ninalolisafisha kila Jumapili. Ni askari wa wale wenye nguo nyeusi wanaomlinda Rais. Alinisikia nikitukana kwa Kiswahili, akafurahi, kumbe naye alikulia Unguja. Tangu siku hiyo hakosi kuniachia pakiti. Ni mcheshi, anapenda kuuliza habari za wanafunzi.

Ridjali anasema nisizichukue. Yeye siku hizi anasoma karatasi ambazo hazimo katika mtihani wowote. Hilo usimwambie mama yake.

Mwanao,
Houssen


Mutsamudu, 24 Machi 1985

Houssen,

Salamu. Sisi wazima. Goti lilipona siku mbili, likarudi.

Barua yako nimeisoma nikaikunja nikaikunjua. Tangu lile jaribio la kupindua serikali mwezi huu tunasikia watu wanachukuliwa majumbani huko Moroni, na wewe unaniambia unapokea pakiti mkononi mwa askari wa mamluki, mtu mwenye kupenda kuuliza! Mkono wa bure una kucha. Kama ungekuwa mbele yangu ningekuvuta sikio, udaktari wako ukauona chini.

Nisikilize vizuri. Ijumaa ya kwanza baada ya barua hii kukufikia, unaacha. Si kupunguza. Ridjali awe shahidi. Na ukiwasha tena hata moja, Houssen, radhi yangu huna. Nimeandika kwa mkono wangu na wala sikukasirika, nimeogopa. Niliyemzika kwa kifua ni mmoja, wa pili sitamweza.

Moinaecha


Moroni, 19 Aprili 1985

Mama mdogo, shikamoo.

Natumaini mu wazima. Mimi mzima.

Ridjali amechukuliwa. Ilikuwa Jumatatu, baada ya sala ya alfajiri. Walikuja wanne, mmoja Mzungu. Hawakupekua godoro wala sanduku. Walikwenda moja kwa moja kwenye debe la mchele, wakaingiza mkono, wakatoa karatasi zake. Aliniangalia mara moja tu akiwa anavaa viatu. Mimi hawakuniuliza hata jina.

Mwambie Zoubeida kwa upole. Usimtajie debe.

Shuleni hakuna anayesema. Mwenzetu akikohoa darasani sote tunageuka. Naogopa, Mama. Nikisikia gari linapunguza mwendo barabarani, naikamata kwanza miguu yangu isikimbie.

Uliniambia niache Ijumaa. Niliacha Ijumaa. Habari za sigara tutazungumza siku nyingine. Na usiandike tena lile neno uliloandika, la watu wale. Barua zinafunguliwa, na Kiswahili hakijui kuficha kama tunavyodhani.

Houssen


Mutsamudu, 6 Mei 1985

Mwanangu Houssen,

Salamu zangu na za wote wa mtaani. Goti sina habari nalo.

Nilimwambia Zoubeida kwa upole kama ulivyotaka. Upole haukusaidia kitu. Alikaa kizingitini, akavua kiatu kimoja, akasahau kuvua cha pili, na akashinda hivyo mpaka adhuhuri. Tangu hapo hali mpaka mimi nitie tonge langu kinywani kwanza. Naye ni huyu aliyekunyonyesha wewe pamoja na Ridjali tulipofika na boti kutoka Unguja, mimi sina maziwa wala ng'ombe. Sijakusimulia hilo vya kutosha.

Unisamehe, la debe nilimwambia. Halikukaa kifuani. Wanawake wote wa mtaa wakasema neno moja: basi kuna aliyesema. Mtu hatii mkono kwenye mchele bila kuonyeshwa. Chumbani mlikuwa wawili. Kumbuka, nani mwingine aliingia? Kuna mwenzenu aliyewahi kuja kuwapikia?

Tumekubaliana kusomesha Halbadiri. Mimi ndiye niliyekwenda kwa Fundi Dhoihir, mwalimu wa chuo, kwa sababu Zoubeida hawezi kusimama. Itasomwa Alhamisi tarehe kumi na sita, baada ya isha. Unajua Fundi alivyo, hasomi kabla hajakuuliza mara tatu. "Moinaecha, kisomo hiki hakichagui. Kinamwendea mwenye kosa popote alipo. Kama ni jirani yako?" Nikasema, hata jirani. "Kama ni ndugu yako?" Nikasema, hata ndugu. "Kama ni mtoto uliyemlea?"

Nikasema, hata akiwa yeye. Nilisema kwa sauti, wanawake wakanisifu.

Wewe kule tulia, usome. Mwenye kosa ataonekana.

Moinaecha


Moroni, 14 Mei 1985

Mama mdogo, shikamoo.

Barua yako nimeipata leo. Tafadhali msisome. Mwende kwa Fundi Dhoihir mumwambie asubiri. Mambo haya yanaweza kuwaletea taabu, watu wakikusanyika usiku watasema ni siasa. Na pengine aliyesema hakukusudia. Mama, nakuomba. Nampa barua hii msafiri wa ndege ya kesho.

Houssen


Mutsamudu, 25 Mei 1985

Houssen,

Msafiri wako ndege ilimwacha. Barua ilinifika Jumatatu, kisomo kilikuwa kimeshasomwa Alhamisi.

Tuko katika mwezi mtukufu na nafunga, lakini usingizi umenihama. Barua yako nimeisoma mpaka mikunjo imetoboka. Hukuuliza kama Zoubeida anakula. Hukunijibu nani aliingia chumbani. Umeandika "hakukusudia". Umejuaje?

Na iko ile ya Aprili nimeirudia. "Niliacha Ijumaa." Hukuandika kwamba umeacha. Mimi nimekulea, Houssen. Ukiiba sukari ulikuwa ukiniambia umenawa mikono.

Sitauliza tena. Kama lipo, niambie. Kama halipo, niandikie neno moja tu, halipo, niweze kulala.

Moinaecha


Moroni, 3 Juni 1985

Mama mdogo,

Lipo.

Niliacha Ijumaa tarehe kumi na mbili. Ridjali alizivunja zilizobaki, akazitia shimoni, tukacheka. Jumamosi nilitafuna karafuu mpaka ulimi ukafa ganzi. Jumapili ikawa ile siku ya tatu ambayo sijawahi kuiona. Sikulala, jasho linanitoka, naona kila mtu ananisema. Ikafika zamu ya donda la Saindou.

Akaniambia, "Daktari, leo mkono wako unatetemeka." Nikamwambia nimeacha sigara. Akasikitika kweli kweli, kama ndugu. Akatoa moja tu, akaiweka kwenye sinia, kati ya mkasi na pamba. Akasema, "Yule mwenzako mwembamba wa Mutsamudu, wakubwa wanamsema bure, mimi ninamtetea. Nataka tu kuwaambia nimepekua sikukuta kitu. Nikipekua godoro nitakuwa salama?"

Mama, nilikuwa siiangalii sura yake. Nilikuwa naiangalia sinia. Nikasema, "Godoro pekua. Debe la mchele liache."

Nadhani nilitaka kumwokoa Ridjali. Kila siku najiambia hivyo. Lakini nilisema upesi ili yaishe, nipate kuitia mdomoni. Niliimaliza kabla Saindou hajafika mlangoni. Radhi yako na rafiki yangu, vyote kwa sigara moja.

Tangu siku ile sijavuta. Najua haisaidii. Wenzangu wa shule wanafunga mchana na magharibi wanafungulia moshi kabla ya tende. Mimi hata harufu yake inanitapisha. Na nina kikohozi. Nimesoma kitabuni kwamba mtu akiacha sigara kikohozi huzidi kwa muda, kifua kinajisafisha. Naweza kukuchorea na mchoro wake. Lakini hiki kilianza Ijumaa asubuhi, tarehe kumi na saba, siku moja baada ya kisomo chenu, na leo kimetoka na damu kidogo. Ulipoandika ulivyomjibu Fundi niliisoma barua nimesimama, nikakaa.

Nimechanganyikiwa nimwogope nani. Saindou bado anakuja kila Jumapili. Donda limeshapona, anakuja hivyo hivyo.

Barua hii inaletwa na Djoumoi, aliyekuja huku kwa kazi. Ichome.

Houssen


Mutsamudu, 11 Juni 1985

Mwanangu Houssen,

Nimeichoma.

Nilikwenda kwa Fundi Dhoihir nikamwambia kiondoe. Akasema kisomo hakiondolewi na aliyekileta, kinaondolewa na aliyedhulumiwa akisamehe kwa kinywa chake, na hasamehe mtu asichokijua. Nikazunguka mtaa mzima, nikapita mlango wa Zoubeida mara nne. Mara ya tano nikaingia, nikamweleza yote.

Nilitegemea atapiga kelele. Ningefurahi angepiga kelele. Alikuwa anachambua mchele kwa ajili ya futari. Akaendelea kuchambua. Akasema, "Huyu maziwa yangu ameyanywa." Mwadhini akaadhini, hakuna aliyenyoosha mkono kwenye tende. Baadaye akasema, "Ulimi uliomfunga ndio utakaomfungua. Aende kambini walikomfungia mwanangu, aseme karatasi ni zake. Akisema, nitasamehe siku hiyo hiyo. Asiposema, nitakufa sijasamehe."

Houssen, nimekuwa na kalamu hii tangu asubuhi. Nikikuambia nenda, ninakupeleka kwa mikono yangu. Nikikuambia usiende, ninakuacha na kisomo nilichokisomesha mimi, na mama wa watu ninamtazama kila siku kisimani. Mimi ndiye niliyekufunga kwa radhi ukafika siku ya tatu peke yako. Nilidhani nakuponya kifua.

Siwezi kukuamulia. Nimekwambia alivyosema Zoubeida. Mimi ninaogopa tu.

Mama yako mdogo


Moroni, 19 Juni 1985

Mama mdogo, shikamoo.

Kesho au keshokutwa ni Idi. Nimeambiwa siku ya Idi wanawaruhusu watu kuleta chakula getini. Nitakwenda siku hiyo, ili wawepo watu wa kunisikia. Nikisema ndani peke yangu hawatajua huko nje.

Nguo za Ridjali nimezifua, nakwenda nazo. Koti jeupe nimelikunja, liko kwa mama mwenye nyumba. Nimekwenda chooni mara sita tangu asubuhi, na huyu ndiye daktari wenu.

Mwambie Zoubeida kwamba nimekumbuka maziwa.

Houssen


Mutsamudu, 30 Julai 1985

Mwanangu mpenzi Houssen,

Assalamu alaykum. Sijui barua hii nimpe nani. Mama mwenye nyumba wako ameniahidi atajaribu kuipitisha pamoja na chakula.

Ridjali amerudi; wamemwachia yeye, wamekuweka wewe. Alishuka Jumanne, amekonda, jino moja la mbele hana. Mama yake alimshika masikio yote mawili kama anamnunua mbuzi, akalia ndipo akala. Kabla ya jua kuzama alinifuata, tukaenda wote kwa Fundi Dhoihir, akasamehe mbele yake, kwa jina lako na jina la mama yako. Kimeondolewa. Kikohozi kikiendelea basi ni kikohozi tu, mwombe mtu dawa.

Ridjali amenisimulia. Anasema siku ya Idi alikuwa uani, akakusikia getini unasema kwa sauti, karatasi ni zangu, mchele ni wangu, huyu alikuwa analala tu. Anasema ulisema mara tatu, mpaka wanawake wakaweka sinia zao chini. Anasema Saindou alikuja akicheka, akakukumbatia mabegani, akatoa pakiti, akasema, "Daktari ana homa ya Idi, chukua moja, urudi nyumbani." Ungeipokea, ungetoka. Mlango ulikuwa wazi. Anasema ulisema, "Nimeacha."

Hayo anayarudia kila siku. Nikikaa kushona anakuja, anaanza tena.

Houssen, kama ulisema hivyo kwa sababu ya neno langu la mwezi wa tatu, neno hilo nimelifuta. Radhi yangu unayo, ulikuwa nayo hata nilipoandika kwamba huna. Chakula kimo kwenye kikapu, na mkeka, na chini ya mkate nimeshonea kitambaa, ukifumue. Ndani mna karafuu. Mna na pakiti mbili za sigara. Nilizinunua mwenyewe mji wa jirani, Mirontsy, dukani kwa mtu asiyenijua, nikazificha ndani ya shiromani kama mwizi.

Baridi ya huko wanasema inaingia mifupani, na siku ni ndefu. Vuta, mwanangu. Vuta tu, urudi.

Mama yako,
Moinaecha